Kijana Unapokwenda COP: Kutoka Beji Hadi Aya ya Uamuzi

Kila mwaka vijana wengi hufika kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa (COP), wakakaa wiki mbili, wakarudi makwao bila kuingia hata mara moja kwenye chumba ambamo aya inajadiliwa. Si kwamba walifukuzwa mlangoni. Ukumbi wenyewe ni kama mji: mabanda ya nchi, midahalo ya jukwaani tangu asubuhi hadi jioni, watu maarufu wakipita na kamera nyuma yao. Ratiba ya majadiliano nayo imejaa vifupisho ambavyo havimwambii mgeni kitu. Mwongozo huu ni wa kijana anayetaka kufika penye maandishi. Maamuzi ya COP ni maandishi, na jambo lisiloingia humo halikuamuliwa, hata kama lilipigiwa makofi.

Beji kwanza

Mtu binafsi hawezi kujiandikisha. Jina lako lazima lipelekwe na serikali ya nchi mwanachama, na shirika lililokubaliwa kuwa mwangalizi (linalohudhuria bila kuwa sehemu ya nchi zinazoamua), au na chombo cha habari. Kwa mwanaharakati, milango inayofaa ni miwili ya mwanzo, na kila mmoja una gharama yake.

Ukiingia na ujumbe wa nchi unapata beji inayofungua karibu vyumba vyote vya majadiliano, pamoja na vikao vya ndani ambako kambi yenu, yaani kundi la nchi zinazojadiliana kwa pamoja, hupanga msimamo. Lakini tangu hapo wewe ni sehemu ya serikali. Huwezi kushika bango dhidi ya msimamo wa nchi yako saa sita mchana, kisha saa nane ukaketi nyuma ya kibao chenye jina lake. Uamuzi huo ufanye ungali nyumbani. Maombi hupelekwa kwa mratibu wa kitaifa wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi, ambao COP ni mkutano wa wanachama wake. Orodha ya waratibu wa nchi zote iko kwenye tovuti ya sekretarieti, ofisi inayousimamia Mkataba huo. Andika barua ya ukurasa mmoja: taja kipengele cha ajenda utakachofuatilia, kazi utakayofanya (kuandika muhtasari wa kila kikao, kulinganisha rasimu ya jana na ya leo), na nani atakayelipia safari. Nchi nyingi zina wajumbe wachache kuliko vyumba. Anayejitolea kuketi kwenye chumba kisicho na mjumbe na kuleta muhtasari sahihi jioni hiyo hiyo anahitajika kweli. Barua inayosema tu kwamba vijana wana haki ya kuwakilishwa inasema kweli, ila haimwonyeshi mratibu kazi ya kukupa.

Mlango wa pili ni waangalizi. Mashirika ya waangalizi yamegawanywa katika makundi tisa, na kundi la vijana linaitwa YOUNGO. Lilipata hadhi kamili mwaka 2011. Kila shirika hupewa idadi maalumu ya nafasi, na kwa kawaida ni chache kuliko ilizoomba. Msimamizi wa shirika ndiye anayeingiza majina kwenye mfumo wa usajili mtandaoni. Hapa ndipo wengi hukwama, na sababu hujirudia:

Jina limependekezwa lakini halikuthibitishwa. Hizo ni hatua mbili tofauti, kila moja na tarehe yake ya mwisho. Bila kuthibitishwa hupati barua ya kutambuliwa, na bila barua hiyo ubalozi hauna cha kuangalia. Usimuulize msimamizi kama amekusajili; mwambie akutumie barua yenyewe.

Pasipoti iliyoingizwa kwenye mfumo si ile utakayosafiri nayo. Kama muda wa pasipoti yako unakaribia kwisha, ihuishe kabla jina halijapelekwa. Herufi za jina zifuate pasipoti neno kwa neno, hata kama huko mtaani unaitwa vingine.

Shirika lenu halijakubaliwa kuwa mwangalizi, na mmegundua hilo mwezi wa tisa. Maombi ya uangalizi hupita mikononi mwa sekretarieti na ofisi ya mkutano, kisha hupitishwa rasmi kwenye ufunguzi wa COP, kwa hiyo kwa mwaka huo mmechelewa. Kinachowezekana ni kuomba nafasi kwa shirika lililokubaliwa ambalo halitatumia zote. Anza kuuliza miezi mitano au sita kabla. Jiandikishe pia kwenye orodha za barua pepe za YOUNGO, maana nafasi za ziada hutangazwa huko.

Usajili haulipiwi. Anayekuuzia beji anakuibia. Na kama hujatimiza miaka 18, kuna masharti ya idhini ya mzazi au mlezi na mtu mzima wa kufuatana nawe. Msimamizi ayaulize mapema.

Anzia Bonn

Ushauri ambao vijana hawaupendi ni huu: kama una pesa za safari moja tu, fikiria vikao vya Juni kule Bonn, Ujerumani, yaliko makao ya sekretarieti, kabla ya kufikiria COP ya Novemba. Bonn hakuna marais wala mabanda. Kuna wataalamu wa nchi wakichambua rasimu ambazo mawaziri watazikuta mezani miezi mitano baadaye. Ukumbi ni mdogo, wajumbe wanakula chakula cha mchana pale pale unapokula wewe, na mtu uliyezungumza naye Jumanne utakutana naye tena Jumatano. Anayeingia COP akiwa amepitia Bonn anajua sura, majina na historia ya kila mabano, yaani kila neno ambalo bado halijakubaliwa.

Kwa Bonn utahitaji viza ya Schengen, isipokuwa nchi yako imesamehewa. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipungue siku 15. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90, na bima ya matibabu ifikie angalau yuro 30,000. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, ila sheria inaruhusu kufika 45. Kinachochelewesha watu si fomu. Ni miadi ya ubalozini, ambayo hujaa wiki nyingi kabla. Weka miadi mara upatapo barua ya kutambuliwa. Weka pia ushahidi wa nani analipa: barua ya mfadhili itaje kiasi, tarehe na jina lako kamili. Maneno kama “tutagharamia mahitaji yote” bila takwimu ni chanzo cha kawaida cha kunyimwa viza.

Kwa COP, nchi mwenyeji mara nyingi huweka utaratibu wake wa viza. Ukitoka au ukipita nchi yenye homa ya manjano, cheti cha chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, si siku hiyo hiyo.

Soma kabla ya kufunga mzigo

Chagua kipengele kimoja cha ajenda. Kimoja. Cha pili kiwe cha akiba, kwa saa ambazo cha kwanza hakina kikao. Vijana wengi hupelekwa kwenye kipengele cha elimu na uwezeshaji wa umma, kinachotokana na ibara ya 6 ya Mkataba na ibara ya 12 ya Makubaliano ya Paris, kwa kuwa ndicho kinachowataja waziwazi. Ni mahali pazuri pa kujifunzia kazi. Lakini vyumba vya fedha, vya kuhimili (kujiandaa kwa mabadiliko ya tabianchi) na vya hasara na uharibifu (madhara ambayo yameshatokea au hayazuiliki) vina vijana wachache mno, ilhali humo ndimo inamopangwa dunia watakayoishi. Kama unaelewa hesabu, nenda kwenye fedha. Kwenye COP ya Baku mwaka 2024 nchi zilikubaliana lengo la angalau dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035 kwa ajili ya nchi zinazoendelea, na ubishi juu ya nani atoe, kwa mkopo au kwa ruzuku, haukuishia pale.

Ajenda ya muda pamoja na nyaraka zake hutolewa angalau wiki sita kabla ya ufunguzi. Tumia wiki hizo kusoma vitu vitatu: uamuzi wa mwisho kuhusu kipengele chako, rasimu iliyotoka kikao kilichopita, na mawasilisho ya kambi za nchi kwenye tovuti ya sekretarieti. Usiruke hayo ya tatu. Kambi zikishaandika msimamo, huwa zinaurudia chumbani karibu neno kwa neno.

Ili uzipate nyaraka, jifunze kusoma namba zake. Uamuzi 1/CP.21 ni uamuzi wa kwanza wa kikao cha 21 cha COP, ule uliopitisha Makubaliano ya Paris. 1/CMA.5 ni wa kwanza wa kikao cha tano cha nchi wanachama wa Makubaliano hayo; aya yake ya 28, iliyopatikana Dubai mwaka 2023, ndiyo inayozitaka nchi kuchangia katika kuachana na nishati ya visukuku. Ukiona herufi L ndani ya namba, kama FCCC/CP/2024/L, hiyo ni rasimu inayosubiri kupitishwa. Add. ni nyongeza, Rev. ni toleo lililorekebishwa, Corr. ni masahihisho. Ukiizoea alfabeti hii, mjumbe akisema “rudini kwenye CMA.5” unaifungua kabla hajamaliza sentensi.

Jambo la lugha lisikushtue likikukuta huko. Wakalimani wa lugha sita za Umoja wa Mataifa huwepo kwenye vikao vikuu. Kwenye vyumba vidogo, ambako kazi halisi inafanyika, mazungumzo na rasimu ni vya Kiingereza pekee. Tengeneza faharasa yako ya maneno hamsini ya kipengele chako, na ushike maana ya kila moja kwa Kiswahili kwa undani kiasi cha kumweleza mdogo wako. Anayeelewa jambo kwa lugha yake hababaishwi na kifupisho.

Ndani ya chumba

Wiki ya kwanza ni ya wataalamu. Vyombo tanzu, vile vinavyoziandaa rasimu kwa ajili ya COP, hufunga kazi yake kuelekea Jumamosi. Wiki ya pili ni ya mawaziri, na milango mingi hufungwa. Kijana asiye na beji ya nchi atasikia na kugusa zaidi katika siku sita za mwanzo. Kama shirika lako linagawa nafasi kwa wiki, omba ya kwanza.

Vikao viko vya namna kadhaa. Kikao kikuu kiko wazi, na ni mahali pa kufungua, kulalamika na kupitisha. Kikundi cha majadiliano kiko wazi kwa waangalizi isipokuwa theluthi moja ya nchi zilizopo zikikataa. Kanuni hiyo ni ya tangu 1998. Mashauriano yasiyo rasmi ndiyo mengi. Pale ambapo hakuna kikundi cha majadiliano, kikao cha kwanza na cha mwisho cha mashauriano hayo vinaweza kuwa wazi kwa waangalizi, ndivyo ilivyokubaliwa mwaka 2011. Humo kati mwezeshaji huuliza kama kuna nchi inayopinga waangalizi kubaki. Ikipinga hata moja, ondoka kwa utulivu bila kubishana, kisha kaa nje karibu na mlango. Wajumbe watatoka, na hapo ndipo utakapojua kilichotokea.

Ratiba ya siku hubadilika. Angalia ile ya asubuhi, kisha skrini za ukumbini kila saa. Chumba huhamishwa dakika kumi kabla. Viti vya mezani ni vya nchi, vyako viko ukutani. Usirekodi wala usipige picha kwenye mashauriano yasiyo rasmi. Ukiandika mtandaoni, eleza hoja bila kumtaja mjumbe aliyeisema. Kosa moja la namna hiyo linaweza kufunga chumba kwa vijana wote waliobaki.

Daftari lako liwe na safu nne: nani amesema, kuhusu aya ipi, ametaka neno gani liongezwe au liondoke, na nani amemuunga mkono. Safu ya nne ndiyo yenye thamani kuliko zote. Humo hakuna kura; kila kitu hupita kwa maafikiano, kwa sababu kanuni ya upigaji kura haijawahi kukubaliwa tangu mwanzo wa Mkataba. Kwa hiyo swali si wangapi wanataka, ni nani anayezuia, na atalegea kwa badala ya nini. Na kipengele kisipokamilika, kanuni ya 16 ya uendeshaji wa vikao hukihamishia kikao kijacho, mara nyingi bila maandishi yoyote ya kuendelea nayo. Wapo wanaokaa chumbani wakingoja hilo tu.

Uzito wa neno

Maneno yaliyo ndani ya mabano hayajakubaliwa. Ukurasa uliojaa mabano siku ya kwanza ni wa kawaida. Ukiwa hivyo siku ya tano, kipengele kiko hatarini.

Kisha kuna ngazi ya vitenzi. Uamuzi “unaoamua” una nguvu. “Unaoomba” unampa mtu kazi. “Unaohimiza” unamsukuma bila kumfunga. “Unaoalika” unamwachia hiari. “Unaobaini” ni sawa na kusema tumesikia. Kijana anayeshangilia kwa kuwa vijana wametajwa katika aya ya 40 angalie kwanza kitenzi kilichotangulia.

Neno moja limewahi kusimamisha dunia. Tarehe 12 Desemba 2015, Makubaliano ya Paris yakiwa tayari kupitishwa, ibara ya 4 ilikutwa na “shall”, neno la kufunga kisheria, pale ambapo Marekani ilikuwa tayari kukubali “should” tu, neno la kushauri. Kikao kilisubiri mpaka neno likabadilishwa. Kwenye COP ya Glasgow mwaka 2021, katika dakika za mwisho, makaa ya mawe yalitoka kwenye kukomeshwa hatua kwa hatua yakawa ya kupunguzwa hatua kwa hatua.

Kupenyeza mistari mitatu

Mwangalizi hawezi kupendekeza maandishi chumbani. Ni nchi pekee. Kazi yako ni kupata nchi itakayoyabeba. Andaa nusu ukurasa, usizidishe: namba ya aya, maneno yaliyopo, maneno unayopendekeza, sababu kwa sentensi moja, na uamuzi wa zamani ambao maneno hayo yamechukuliwa. Hilo la mwisho ndilo kiini. Lugha iliyokwisha kukubaliwa huko nyuma ni ngumu kuikataa, lugha mpya ni rahisi. Mapendekezo mengi ya vijana hufa kwa sababu yameandikwa kwa uzuri wa hotuba, hayana mzizi kwenye uamuzi wowote.

Sababu nyingine mbili za kukataliwa: maneno yanagusa kipengele cha ajenda kinachojadiliwa chumba kingine, au yamefika baada ya rasimu ya pili kutoka. Yapeleke kabla ya mkutano ukiweza, au siku mbili za mwanzo. Mkute mjumbe anapotoka kikaoni, jitambulishe kwa jina na kipengele, mpe karatasi, mwombe dakika moja. Akikataa, muulize kinachomkwamisha na uandike jibu. Kambi ya Afrika, kambi ya nchi zenye maendeleo duni zaidi na muungano wa visiwa vidogo mara nyingi husikiliza, lakini usizifanye mlango pekee. Pendekezo lililobebwa na kambi mbili zisizoelewana huishi muda mrefu zaidi.

Makundi ya waangalizi hupewa nafasi ya kuzungumza kwenye kikao kikuu, kwa kawaida dakika mbili. Hiyo ni kama maneno 220 kwa mwendo ambao mkalimani anaweza kuufuata. Zamu huja mwishoni na mara nyingi hukatwa muda ukiisha, kwa hiyo dai lako liwe kwenye sentensi ya pili, si ya mwisho. Maandishi yatumwe kwa sekretarieti kabla. Zamu za YOUNGO hupangwa kwenye vikao vyao vya asubuhi, usipohudhuria, hutaitwa.

Mabango na maandamano

Ndani ya eneo la Umoja wa Mataifa kila tendo la hadharani huombewa kibali mapema kwa sekretarieti: mahali, saa, idadi ya watu, maneno ya bango. Kutaja mtu au nchi kwa jina kwenye bango ndicho chanzo kikubwa cha kunyimwa. Kwa tendo lisilo na kibali, beji huchukuliwa. Kwenye COP ya Madrid, Desemba 2019, waangalizi wapatao 200 walitolewa ukumbini baada ya maandamano, na wengi wao walikuwa vijana. Kuna nyakati ambapo mtu huona kwamba kusema ni lazima hata kwa gharama hiyo, na hatudharau hata kidogo uamuzi wa namna hiyo. Ila kila aliyesimama pale ajue gharama kabla, na kikundi kimbakize mtu mwenye daftari chumbani.

Mwili na tiketi

Chukua beji wikendi kabla ya ufunguzi. Foleni ya Jumatatu hula asubuhi nzima. Viatu vya kutembelea, chupa ya maji, betri ya akiba, na chakula mfukoni. Pangeni zamu za kulala, hasa siku nne za mwisho. Tiketi ya kurudi isiwe ya Ijumaa ya kufunga: Madrid ilimalizika Jumapili, Sharm el-Sheikh 2022 Jumapili, Baku vilevile. Vijana wengi hukosa usiku ule ambao aya zao zinakatwa kwa sababu ndege ilikuwa Jumamosi asubuhi.

Ukirudi

Ndani ya siku saba, kabla kumbukumbu haijachuja, andika kurasa mbili: aya ilikuwaje Bonn, ikawaje siku ya kwanza, imepitishwa vipi, nani alizuia na kwa hoja gani. Nakala moja kwa mratibu wa kitaifa, moja kwa shirika lililokupa nafasi, moja kwa kijana atakayekwenda mwakani. Hii ya tatu huwa haiandikwi, ndiyo maana kila mwaka vijana huanza upya na wajumbe wa nchi hawaanzi upya.

Angalia pia njia zisizopita COP. Mwaka 2019 wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini walianza kuzishawishi serikali za visiwa vyao zipeleke suala la tabianchi Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Vanuatu ililibeba, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio bila kura tarehe 29 Machi 2023, na tarehe 23 Julai 2025 mahakama ikatoa maoni yake. Walifanya kile kile: swali moja, maneno yaliyopimwa, nchi moja ya kuyabeba.

Kisha fungua uamuzi uliopitishwa na utafute aya inayoalika mawasilisho. Karibu kila uamuzi unayo, na tarehe ya mwisho mara nyingi huangukia kati ya Februari na Aprili. Mawasilisho ya waangalizi hupakiwa kupitia akaunti ya shirika. Kurasa mbili zinatosha, zikianza na namba ya aya. Wajumbe wanaweza kuyasoma kabla ya kukutana Bonn mwezi wa Juni.